Maji Niliyoyachemshia Chuo

Niliota usiku wa jana kwamba nimeitwa chuoni kwa barua, na barua yenyewe imeletwa na sufuria yangu.

Nawaandikia akina mama wenzangu wenye watoto vyuoni, hasa wale ambao kama mimi waliishia darasa la saba. Mkimaliza kusoma mtaniita mjinga. Niiteni. Lakini siku mtakayoombwa maji na watoto wenu, mtajua la kufanya.

Kwanza mjue yaliyotangulia, maana ndoto haianzii kwenye mto.

Binti yangu Sekela yuko mwaka wa kwanza, anasoma sayansi. Mimi nilidhani mwaka wa kwanza ni mwaka wa kuonyeshwa. Mwalimu analijua jibu, limeandikwa nyuma ya kitabu, mtoto anahangaika kidogo kisha analikuta. Ndivyo tulivyosoma sisi. Harage kwenye pamba yenye maji, linaota. Kila mwaka linaota, na kila mwaka tunapigiwa makofi. Siku hizi hapana. Sekela alinipigia simu akasema, "Mama, huku tunafanya utafiti wa kweli. Hata Dakta hajui jibu." Akasema kwa furaha, kama mtu aliyepewa funguo za nyumba.

Nikamuuliza, "Kama hajui, anawafundisha nini?"

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Utafiti wenyewe ni wa maji. Kila mwanafunzi alete maji ya kisima cha kwao, wayapime kama yana vijidudu vya chooni. Alipokuja likizo aliniachia chupa tatu ndogo, lebo tatu za kubandika na kiboksi cha kuwekea barafu. Jumapili tatu mfululizo nichote chupa moja, niipeleke kwa basi la asubuhi, jioni iwe mikononi mwake. "Na Mama, usihangaike kuyachemsha wala kuyachuja," akaniambia. "Yachote tu hivyo hivyo."

Sasa hapo ndipo penye balaa. Kwetu mgeni akisema usihangaike, ndipo unapokimbiza jogoo. Akisema chai kavu inatosha, unatuma maandazi. Yeye adabu yake ni kukataa, na wewe adabu yako ni kutomsikia. Sekela nimemlea mwenyewe. Nilijua hawezi kunitazama usoni akasema, "Mama, wachemshie walimu wangu maji." Na maji ya kisima chetu nayajua, masika yana rangi ya chai ya maziwa. Niyapeleke hivyo mbele ya Dakta, waseme kwao na Sekela wanakunywa tope?

Nikachemsha. Dakika ishirini, kama tulivyofundishwa kliniki. Nikachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili. Jumapili zote tatu.

Vilipimwa visima arobaini. Cha kwetu peke yake kilitoka sifuri. Hakina kijidudu hata kimoja. Sekela akachaguliwa asimame Ijumaa saa nne asome matokeo mbele ya watu wa afya wa wilaya. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Kabuje, hakuingoja hiyo Ijumaa. Habari ilipomfikia tu alimleta fundi wa mabango, na kibao kikasimama kisimani: KIMEPIMWA NA CHUO. MAJI SALAMA. Baada ya hapo nani atapoteza mkaa wake? Jirani yangu Mama Lugano aliacha kuchemsha siku ile ile. Mjukuu wake Bupe, mtoto wa miaka minne, mpaka jana ameharisha siku nne.

Nilijua. Siku zote nne nilijua, nikanyamaza, maana nikisema, Sekela wangu anaanguka mbele ya chuo kizima. Na jana Alhamisi nikapanda kitandani na hilo jambo langu.

Sasa ndoto.

Sufuria inabisha hodi. Ni ile kubwa yenye sikio moja. Imevaa mfuniko vizuri, kama mtu anayekwenda kanisani.

"Umeitwa chuoni," inasema.

"Na wewe?"

"Mimi ni shahidi."

Tukaondoka. Njia ya kwenda chuoni inapita chini ya kitanda changu, na sikushangaa, nilishangaa tu kwamba sijawahi kufagia huko. Tulipita viatu vya marehemu mume wangu, vikatuamkia, tukafika getini.

Mlinzi wa geti alikuwa kipimajoto. Mrefu, mwembamba, koti la bluu. Hakuniuliza jina. Alijiingiza kwapani mwangu, akakaa kimya kidogo, kisha akajitoa akajisoma mwenyewe.

"Nyuzi mia moja," akasema.

"Mbona sijisikii homa?"

"Sijasema unaumwa. Nimesema umechemka. Waliochemka hawaruhusiwi."

Juu ya geti palikuwa na maandishi makubwa: HAPA HAKUNA ANAYEJUA JIBU. Nilidhani ni majivuno ya wasomi. Kumbe ni sheria. Pembeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakipekuliwa, na kila aliyekutwa na jibu alinyang'anywa, likatupwa kwenye ndoo. Mwalimu mmoja mzee alikamatwa na kitabu cha zamani, wakamchania kurasa za nyuma, akalia kidogo, akaruhusiwa kuingia.

"Wewe mama una jibu lolote?" mlinzi akaniuliza.

Nikaitazama sufuria.

"Analo," sufuria ikasema.

"La kisima?"

"La kisima."

Mlinzi akanitazama kwa huruma, zebaki yake ikashuka nyuzi mbili. "Basi mama yangu, huwezi kuingia. Humo ndani kuna madakta, kuna darubini, kuna mashine zinazolala kwenye vyumba vya baridi. Wote wanakitafuta kitu unachokijua wewe. Ukiingia utawaharibia utafiti."

"Binti yangu yumo."

"Najua. Naye anakitafuta."

Nimewahi kufukuzwa shule kwa kukosa sare, nimewahi kufukuzwa shambani, lakini kufukuzwa kwa sababu ninajua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mlinzi akafikiri. "Labda uingie kama sampuli."

"Sampuli ndiyo nini?"

"Kitu kidogo kinachosema habari za kitu kikubwa."

Akatoa lebo nyeupe, akaandika, akainama akanibandika kisiginoni. "Namba nne," akasema. "Imechemshwa."

"Chupa zilikuwa tatu, baba."

"Ndiyo maana wewe ni ya nne."

Darasa lao liko jikoni kwangu. Mafiga ni yale yale, ila dari imekwenda juu sana, na popo wamevaa miwani. Wanafunzi wameinamia visahani vya plastiki vyenye kitu kama uji ulioganda. Humo wanapanda vijidudu kama sisi tunavyopanda mchicha, ukisubiri siku moja unahesabu mashina. Wote vijana wadogo, ndevu hazijakamilika, na kila mmoja ana kisahani chenye jambo ambalo mtu mzima angeogopa kulishika. Hakuna aliyeogopa. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mbele amesimama Dakta Nsemwa, mwalimu wao. Nilimjua kwa sababu Sekela aliwahi kunitumia picha yake.

"Karibu, sampuli," akasema. "Kitu kimoja hakiaminiki. Hapa kila kitu tunarudia mara tatu. Karibu. Karibu."

Sekela akaja, mara tatu. Wa kwanza ni wa miaka sita, ana pengo, anashikilia sketi. Wa pili ni wa sasa, yule wa kwenye simu, mwenye kovu juu ya nyusi. Kovu hilo alilipata akiwa na miaka tisa, aliteleza kisimani na ndoo, mdomo wa ndoo ukampasua. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, damu ikanilowesha mabega. Wa tatu ni Sekela wa Ijumaa, amevaa nguo za kusimama mbele za watu na amejipaka poda mpaka uso hauna historia.

"Shikamoo Mama," wakasema.

"Marahaba, marahaba, marahaba," nikaitika, kila mmoja ya kwake.

"Sasa tunatafuta wastani," Dakta akasema.

Wakawajumlisha. Nilisikia mlio mdogo, kama vikombe vinapopangwa ndani ya vikombe. Kisha wakawagawa kwa tatu. Akabaki Sekela mmoja, mfupi kidogo, msafi, hana pengo lolote.

Nikamsogelea, nikamtazama juu ya nyusi. "Kovu lake liko wapi?"

"Wenzake wawili hawakuwa nalo," Dakta akasema akisoma daftari. "Limepotea kwenye kugawa."

Yule Sekela akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mama wa watu aliyepotea ofisi. "Karibu," akaniambia. "Nikusaidie nini?"

Mama mwenzangu, mtoto wako hajawahi kukuuliza nikusaidie nini kwa sauti ile. Omba asikuulize.

Sikupata muda wa kujibu maana Dakta alikuwa ananikabidhi mtoto mchanga. "Na huyu ni mjukuu wako," akasema. "Amezaliwa kutokana na maji yako."

Alikuwa sifuri. Mviringo, mnene, katikati hana kitu, unaona mpaka upande wa pili. Wakanifungia mgongoni kwa kanga. Darasa zima likasema hongera, na Mwenyekiti Kabuje akatoka nyuma ya mlango na ndoo ya rangi, akamwandika mtoto shavuni: SALAMA.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "mtoto bado hajatimiza arobaini, unamwandika?"

"Mama Sekela, maendeleo hayasubiri arobaini," akajibu, akalamba brashi.

Tunatembea. Sifuri analia.

"Nina njaa, Bibi."

"Sifuri hula nini?"

"Chochote kinachohesabika."

Akala maharage yaliyokuwa kwenye chungu. Akala vifungo vya blauzi yangu. Akala siku nne kwenye kalenda ya ukutani, Jumatatu mpaka Alhamisi, akacheua. Kila akila anaongezeka uzito, mgongo wangu unapinda, nami namwuliza, "Wewe ndani huna kitu, uzito unautoa wapi?"

"Si wangu," akasema. "Ni wa wanaoniegemea."

Tulipotokea uani nikakuta msiba. Mikeka imetandikwa, watu wafupi sana wamekaa, wameshika tama, wengine wana mikia na wengine hawana. Nao ni vijidudu vya kisima chetu. Wamevaa nguo zao nzuri, lakini zote zimeungua pembeni. Nikainama kama inavyopaswa.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," akajibu mkubwa wao. "Wewe ndiye uliyetuletea."

Nikakaa mkekani. Nifanye nini? Mtu ukiambiwa hivyo msibani unakaa.

"Tulialikwa chuoni," akaendelea bila hasira. "Mwanao alitualika mwenyewe. Tangu dunia iwe dunia watu wametukimbia, wametumwagia dawa, wametuimbia nyimbo mbaya shuleni. Kwa mara ya kwanza mtu anasema njooni kama mlivyo, tuwaone, tuwahesabu. Tukavaa. Wazee wetu wakavaa. Tukaingia kwenye ndoo yako tukiimba."

"Nikawachemsha."

"Dakika ishirini. Tulifika maiti, tukapandwa kwenye uji wao mzuri, hatukuota. Wakaandika hatupo." Akafuta jicho kwa mkia. "Kufa tumezoea. Lakini kuandikwa kwamba hukuwahi kuwapo, hilo hapana."

"Na wenzenu waliobaki?"

"Wako kisimani. Hao hawakualikwa chuoni, kwa hiyo wanatembelea nyumba za watu. Wanasema siku hizi wanapokewa vizuri sana, kuna kibao kinachowatambulisha."

Niliinuka haraka, sifuri akajigonga mlangoni.

Kando ya ua kuna benchi. Limeandikwa WASIOAMBIWA. Amekaa Mama Lugano, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na Bupe amemlalia mapajani, ameshika kikombe cha plastiki. Macho ya Bupe yamezama ndani. Hayo macho si ya ndoto, mchana wake nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

"Aa, Mama Sekela," Mama Lugano akasema. "Kumbe una mjukuu mnene hivyo na hukutuita hata kumwogesha. Mambo ya chuo hayo, mnajitenga."

"Mnafanya nini hapa?"

"Wametuambia tukae."

"Tangu lini?"

"Tangu kibao. Si wametuambia maji salama? Tumekaa tunakunywa. Huyu naye tumbo lake limekataa kufunga, nadhani ni meno."

"Ana miaka minne, Mama Lugano. Meno gani?"

"Basi ni macho ya watu. Kuna wanaomwonea wivu, si unajua mtaa wetu."

Nikafungua kinywa nimwambie. Ukatoka mvuke. Nikafungua tena, mvuke. Mama Lugano akajipepea.

"Unachemka, jirani," akasema. "Chemka taratibu, utaniunguzia mtoto."

Dakta Nsemwa akatokea na daftari. "Tafadhali usimwambie," akaninong'oneza. "Hili ni kundi la kulinganishia. Lazima wawepo watu ambao hawajaambiwa, la sivyo tutawalinganisha walioambiwa na nani?"

"Nani ameambiwa?" nikamwuliza, na safari hii sauti ilitoka, kwa kuwa lilikuwa swali tu.

Akapekua daftari, kurasa nyingi. "Mpaka sasa ni wewe."

"Mtoto anaumwa, Dakta."

"Nimeliandika hilo." Akanionyesha. Ni kweli alikuwa ameliandika, kwa mwandiko mzuri.

"Na hujui anaumwa nini?"

"Hapa hakuna anayejua jibu." Akakaa benchini pembeni ya Mama Lugano, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza akaonekana kijana, pengine mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. "Mama, mimi napima ninacholetewa. Kipimo cha joto ninacho. Kipimo cha uzito ninacho. Cha adabu ya watu wa kwao na wanafunzi wangu sina. Niliwapa watoto utafiti wa kweli, nikasahau kwamba maji yanapita kwanza kwa mama zao."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimekwenda kule nikiwa na chuki yangu tayari nimeifungasha. Lakini aliyechemsha ni nani?

Ua ukaanza kuzama. Hakuna aliyeshtuka. Sifuri aliteleza kutoka mgongoni kwangu, akaanguka chini chali, akapanuka, akapanuka, na nilipoangalia alikuwa mdomo wa kisima chetu, na sisi sote tumesimama ukingoni kumzunguka. Kabuje yuko, watu wa afya wa wilaya wako na soda zao, vijidudu wa msiba wako na mikeka yao kwapani. Ukuta una saa. Saa inasema saa nne.

Wanamwita Sekela wa wastani asome matokeo. Anatembea. Anatembea juu ya sifuri kama mtu anayetembea sakafuni, na chini yake hakuna sakafu, naliona giza la maji kupitia kwenye viatu vyake. Yeye haoni. Ameambiwa pana sakafu. Ameambiwa na mama yake.

Anafungua karatasi.

"Kabla hajasoma," Dakta anasema, "shahidi aulizwe. Mara tatu."

Sufuria inasimama, inavua mfuniko.

"Alichemsha?"

"Alichemsha," inasema sufuria, na juu ya nyusi ya Sekela unatokea mstari mwembamba, kama uzi.

"Alichemsha?"

"Alichemsha." Mstari unakolea. Sekela anajigusa paji la uso, anatazama miguuni.

"Alichemsha?"

Sufuria inafunika mfuniko wake. "La tatu si langu," inasema. "La tatu ni lake."

Wote wakanigeukia. Mama Lugano naye akanigeukia, na Bupe begani kwake akiwa na kikombe. Nikafungua kinywa. Nikasikia mvuke unapanda kutoka tumboni, nikausukuma kwa nguvu zangu zote kama mtu anayezaa, na sijui kilichotoka kilikuwa mvuke au neno, kwa sababu nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Jogoo wa Mama Lugano anawika upande wa pili wa ukuta, na baada ya jogoo nikamsikia Bupe, analia kile kilio cha mtoto asiye na maji mwilini, kilio kisicho na machozi. Ijumaa.

Nikakaa kitandani. Kisigino cha kulia kinaniwasha. Nikakiinua nikakitazama.

Kuna lebo. Ndogo, nyeupe, imekunjika pembe. Imeandikwa 4, na chini yake neno moja ambalo wino wake umetota: Imechemshwa. Mwandiko si wangu, wala si wa Sekela. Sekela aliniachia lebo tatu, nikazibandika tatu. Nilitikisa shuka, nikainama nikatazama chini ya kitanda. Hakuna kitu, ila vumbi lilikuwa limepitwa na kitu cha mviringo, kama kitako cha sufuria.

Sikuendelea kutafuta. Nikachukua simu.

"Mama?" Sekela akapokea mara moja. Alikuwa ameshaamka, nadhani alikuwa anapiga pasi. "Kuna nini mapema hivi?"

"Yale maji nilichemsha."

"Yapi?"

"Ya Jumapili. Na nilichuja."

"Jumapili ipi, Mama?"

"Zote tatu, mwanangu."

Nikamsikia anaweka pasi chini. "Mama, nilikwambia usihangaike."

"Nilidhani unasema kwa adabu."

"Nilisema kwa maana."

Upande wa pili nasikia wenzake wanacheka bwenini, mmoja anauliza nani kachukua kitana.

"Saa nne nasimama," akasema. Sauti imeshuka.

"Simama. Useme yale si maji ya kisima chetu. Wakikuuliza nani aliyachota, sema mama yangu, darasa la saba."

"Watanitoa kwenye kikundi cha utafiti."

"Mjukuu wa Mama Lugano amemaliza siku nne anaharisha, Sekela. Ya tano hatujui."

Akapumua. Akapumua tena. Nilijua anashika nyusi yake, tangu utoto akibanwa anashika pale.

"Mpeleke zahanati sasa hivi," akasema. "Mwambie Mama Lugano achemshe. Waambie wote. Na mimi saa nne nitasema."

"Nichote mengine nikuletee? Safari hii hivyo hivyo, sitayagusa."

Nikamsikia anachomoa waya wa pasi.

"Hapana, Mama," akasema. "Nitakuja kuchota mwenyewe."

Akakata.

Akina mama, hilo ndilo lililobaki. Hakunitukana, hakulia. Alisema tu kwamba atachota mwenyewe. Miaka kumi na tisa kila alichokula na kunywa mtoto yule kilipita kwanza mikononi mwangu. Watoto wetu siku hizi wanapewa mambo ya kweli wakiwa wadogo, mwaka wa kwanza tu, na kweli haijui mama ni nani. Wakikuomba maji machafu, wape machafu. Wakikuomba udongo, usiuchekeche. Aibu ya tope ni ya asubuhi moja. Hii yangu sijui itaisha lini.

Nikawasha mkaa, nikabandika ile sufuria ya sikio moja. Haikusema neno. Nilisubiri dakika ishirini kamili, nikatia chumvi na sukari kama tulivyofundishwa, nikayaacha yapoe. Lebo nikaibandua kisiginoni. Sikujua pa kuitupa, nikaibandika ubavuni mwa sufuria, mahali pake.

Mama Lugano alifungua mlango na Bupe begani. Kanga imelowa.

"Ya nini tena, jirani? Maji si tunayo. Usihangaike."

Nikaingia.

Akanipokea sufuria, akaizungusha akaona ile lebo. Yeye naye alifika la saba, tulikaa dawati moja.

"Namba nne," akasoma. "Na moja mpaka tatu ziko wapi?"

"Mpe mtoto kwanza," nikamwambia. "Kisha ukae chini, mama. Na ukimaliza kunisikia tumpeleke zahanati, na njiani unishikie upande wa pili wa kile kibao, tukakiangushe."